Shaba Zilizopeana Mgongo

Sumaku ilikuwa imekaa juu ya kikombe cha plastiki kilichopinduliwa, kikombe juu ya mizani ya sonara, na mizani juu ya meza ambayo miguu yake nilikuwa nimeiwekea vipande vya kandambili ili isitikisike. Madirisha yote nilikuwa nimeyafunga. Chumba kilikuwa tanuri. Jasho lilinitiririka mgongoni, nami sikuthubutu kujipangusa, maana hata upepo wa mkono ulitosha kuzichezesha tarakimu. Vidoleni nilishika kichupa chembamba chenye chembe za kijani kilichokoza, rangi ya maji yaliyotuama chini ya mikoko. Nilikishusha taratibu kuelekea kwenye sumaku. Tarakimu zikashuka, zikasita, zikatulia.

"Huu nao unavuta," nikasema kwenye simu niliyoiegemeza ukutani, "lakini unavuta kidogo. Ule wa buluu unavuta sana."

"Rudia," akasema Mwalimu Isaya.

Nikarudia. Nilipogeuka kutafuta kalamu niliona mlango umefunguka kiasi cha uso wa mtu. Mama mkwe wangu, Bi Hawa, alikuwa amesimama pale na mwanangu Somoe ubavuni, na wote wawili walikuwa wakinitazama kwa utulivu uleule mmoja. Sijui walikuwa wamesimama tangu saa ngapi. Aliurudisha mlango polepole, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa.

Hiyo ilikuwa Mikindani, katika nyumba ya ukoo wa mume wangu, mwaka ule ambao nilikuwa ninanyonyesha na kusoma kwa pamoja, na sikuwa na hakika ni kipi kati ya hivyo viwili kingenishinda kwanza.

Masomo yenyewe yalikuwa ya jioni. Mwalimu Isaya, Mmakua wa Masasi aliyevaa shati la mikono mirefu hata kwenye joto la Desemba, alikuwa amekodi chumba juu ya duka moja la mtaa wa Chikongola, na humo alitufundisha sisi tulioachwa na shule kwa sababu mbalimbali: vijana wa bodaboda, askari wa ulinzi wa maghala ya korosho, wanawake wenye watoto migongoni. Ndiye aliyeniambia kwamba nishati haipandi kama mtu anavyopanda kilima. Inapanda kama mtu anavyopanda ngazi. Unaweza kusimama kwenye kipago hiki au kile, lakini katikati ya vipago hakuna mahali pa kuweka mguu. Aliyasema hayo huku amesimama kwa mguu mmoja mbele ya ubao, na darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda nalo nyumbani neno lile kama mtu aliyeokota kitu njiani na hataki kuulizwa.

Nilipofaulu mtihani wa kidato cha sita, Mwalimu alinitafutia mhadhiri mmoja wa chuo kikuu Dar es Salaam, mtu ambaye kazi yake yote ni kuchunguza ngazi za nishati za molekuli zenye usumaku. Mhadhiri alisema nafasi ipo na ufadhili upo, ila anataka mwanafunzi aliyekwisha kushika kitu kwa mikono yake. Basi nikashika. Mrututu, ule wa buluu, niliununua sokoni kwa muuza dawa za miti shamba, aliyeniuliza kama ni wa kidonda cha mtu au cha mbuzi. Nikaukoroga na maji ya magadi mpaka ukaganda kama maziwa mabovu ya rangi ya mbingu, nikauchuja kwa kitambaa, nikaumiminia siki. Ulichemka bila moto. Nikauacha juu ya kabati, mbali na mikono ya mtoto, na maji yalipokauka zikabaki zile chembe za kijani. Sumaku nilipewa na fundi wa kompyuta. Mizani aliniazima Abdallah, sonara, kwa sharti kwamba nisije nikampimia mtu dhahabu.

Nilichokuwa nakitafuta ni kidogo na ni cha ajabu. Shaba iliyomo kwenye zile chembe za kijani ni nyingi kuliko iliyomo kwenye mrututu wa uzito uleule, lakini mvuto wake ni mdogo. Sababu iko ndani ya molekuli. Nilipotuma vipimo vyangu, mhadhiri alijibu kwa maneno machache: nije Oktoba.

Mume wangu, Shafii, alikuwa akifanya kazi kwenye pantoni la Kilambo, akivusha magari na watu kwenda Msumbiji na kurudi, na nyumbani alikuja mwisho wa wiki akinukia dizeli. Nilimweleza. Alimchezesha Somoe kwa funguo, kisha akasema jibu ambalo nilikuwa nimelitarajia na nilikuwa nimeliogopa.

"Mama akikubali kubaki na mtoto, mimi sina neno."

Mama yangu mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Chuo hakikuwa na mahali pa mtoto anayenyonya. Kwa hiyo safari yangu yote, tangu siku ile Mwalimu aliposimama kwa mguu mmoja, ilikuwa imefika kwenye mlango wa chumba cha Bi Hawa na kusimama hapo. Nilimweleza naye. Akaniambia atafikiri. Alikuwa anafikiri bado siku aliponikuta na mizani.

Alikuja kesho yake, baada ya sala ya Alasiri, Somoe amelala mgongoni mwake ndani ya kanga. Bi Hawa alikuwa mpishi wa visheti. Hakuna arusi ya Mikindani iliyoliwa bila visheti vyake, na vidole vyake vilinukia iliki hata alipotoka kuoga. Aliketi kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipojifungua.

"Mama Somoe," akasema kwa sauti ya chini, "ile dawa yako inafika mpaka ng'ambo?"

Nikamwuliza dawa gani.

"Usinifiche. Mimi mtu mzima. Nimeiona sumaku, nimekusikia kwa masikio yangu: huu unavuta kidogo, ule unavuta sana. Basi mimi nipe ule unaovuta sana."

Ndipo nilipoelewa, na nilipoelewa nilitamani niwe sijaelewa. Watu wa kwetu wanaijua sumaku. Wapo wanaoitafuta ndani ya rupia za Mjerumani, wapo wanaoishona kwenye hirizi, wapo wanaouza unga wake kwa mwanamke ambaye mumewe haji nyumbani. Mvuto ni neno la fizikia kwa Mwalimu Isaya. Mikindani lilikuwa na kazi nyingine kabla yake.

Mtu ambaye Bi Hawa alitaka kumvuta alikuwa Sudi, mwanawe wa kwanza, kaka wa Shafii. Habari hiyo niliikuta ndani ya nyumba nilipoolewa, kama unavyokuta kabati ambalo halifunguliwi. Sudi alikuwa amevuka Ruvuma kufuata biashara ya mbao, akaoa huko, na baba yake alipofariki hakufika mazikoni wala kwenye hitima. Alipopiga simu baadaye, Bi Hawa alimwambia kwamba kwa kuwa ameshindwa kumzika baba yake, asivuke tena mpaka siku ya kuja kumzika mama. Sudi akasema sawa. Tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake. Mto huo ukishapata pantoni unavukwa kabla uji haujapoa. Wao walikuwa wameukalia kingo zote mbili kwa miaka.

Bi Hawa alikuwa amekwisha kuwaendea waganga, akaniambia, wa huku na wa bara. "Na wote hao, mwanangu, hakuna hata mmoja aliyepima. Wanakisia tu. Wewe unapima."

Mpango wake ulikuwa umekamilika. Angepika visheti, angetia dawa kwenye shira ya sukari, Shafii angevipeleka bila kujua. Kisha akaweka mkono wake juu ya mgongo wa Somoe aliyelala.

"Mwanangu akivuka kuja huku, wako atakaa na mimi mpaka umalize chuo chako. Hata kama ni mpaka avunje ungo."

Nakumbuka nilitazama dirisha. Nakumbuka pia kwamba wazo la chumvi lilinijia haraka sana, likiwa limekwisha kuvaa nguo zake: chembe chache za chumvi ya mawe, nizitie rangi ya buluu ya chakula, nimpe kwenye karatasi iliyokunjwa. Sudi asingedhurika. Mama angefurahi, angengoja. Mimi ningekuwa nimekwisha kupanda basi. Sisemi kwamba nililikataa kwa uchaji. Nilimwona tu akilini Bi Hawa akingoja kivukoni kwa mwaka mzima na kwa mwaka mwingine, mwanangu ubavuni, akizidisha kipimo.

Nikamwambia kwamba ile ni sumu, inatapisha, na ikizidi inaua.

"Dawa zote ni sumu kwa asiyezijua."

"Na hata isingekuwa sumu, Mama, haivuti watu. Hakuna inachovuta ila sumaku hii."

Nikafunga madirisha, nikampangia mizani, nikamkalisha kwenye kiti changu. Nikashusha kwanza kichupa cha mrututu, akaziona tarakimu zikishuka. Nikashusha cha pili, cha kijani, akaona zimeshuka kidogo tu. Akaomba ashike mwenyewe. Mkono wake uliozoea kuchota shira inayochemka haukutetemeka kama wangu.

Nikamweleza kwa maneno niliyokuwa nayo. Kila chembe ya shaba ni sumaku ndogo. Kwenye mrututu kila moja inaishi peke yake, ukiisogezea sumaku kubwa inageuka kuifuata. Kwenye hii ya kijani zinaishi mbilimbili, ukuta kwa ukuta, na zimepeana mgongo: moja ikielekea juu, mwenzake anaelekea chini. Mtu wa nje akitazama anasema hapa hakuna mvuto. Upo. Ila zimeumaliza zenyewe kwa zenyewe.

"Zimenuniana," akasema Bi Hawa.

"Zimenuniana, Mama."

"Na zikishanuniana ndiyo basi?"

Nikamwambia hapana. Hicho ndicho kipago cha chini, na ni rahisi kukaa hapo. Juu yake kuna kipago kingine, ambapo zote mbili zinaelekea upande mmoja, na huko zinavuta. Lakini katikati hakuna kitu. Hazipandi nusu. Ama ziko chini, ama zimepanda.

Mgongoni mwa bibi yake Somoe aligeuza shavu na kuendelea kulala.

"Na cha kuzipandisha ni nini?"

"Joto."

"Joto linatoka wapi?"

"Nje, Mama. Zenyewe zikiachwa kwenye baridi zinabaki hivyohivyo. Lakini joto la chumba hiki tu limeshapandisha karibu nusu yao."

Aliyatazama madirisha yaliyofungwa, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Humu mna joto, kweli," akasema. Akaondoka na mtoto wangu mgongoni, na kuhusu Oktoba hakusema kitu.

Siku zilizofuata alizungumza nami mambo ya maji na ya mkaa. Sikumlaumu. Nilianza kuzoea wazo la kutokwenda kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana, akijiambia kwamba ngozi italegea. Nilimrudishia Abdallah mizani yake. Akauliza kama nimepata nilichokuwa nakipima, nikasema ndiyo, na ilikuwa kweli.

Kisha asubuhi moja Bi Hawa aliniita jikoni. Sinia la unga lilikuwa tayari mbele yake.

"Simama hapo," akasema. "Uone kila ninachotia."

Nikasimama. Akatia samli, akatia tui, akaonja. Alipofika kwenye iliki aliipitisha chini ya pua yangu kabla ya kuitwanga. Alipofika kwenye shira alinipa mwiko nikoroge mwenyewe, ili nijue kwamba kwenye sukari ile mlikuwa na sukari tu. Visheti vilipopoa akavijaza kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunga kifuniko, na Shafii akaondoka nalo.

Ruvuma ilikuwa imekupwa. Pantoni lilikaa juu ya mchanga, na kopo, kwa maelezo ya Shafii, lilivuka ndani ya mtumbwi juu ya magunia ya mtu. Aliambiwa limefika. Aliambiwa Sudi alilipokea kwa mikono miwili na hakusema lolote.

Kwetu chombo hakirudi kitupu. Jirani akikuletea mchuzi, bakuli lake linarudi na muhogo, na limau, na hata konzi ya chumvi kama huna kingine. Chombo kikirudi kitupu ni maneno makali kuliko matusi. Lakini chombo kisichorudi kabisa, hicho hakuna anayejua kukisoma. Kila mwisho wa wiki Bi Hawa alitazama mikono ya Shafii alipoingia, na kila mwisho wa wiki ilikuwa na samaki, au mafuta ya taa, au haikuwa na kitu. Septemba ikaanza kwisha. Kopo halikurudi.

Nilikuwa nimeketi sakafuni baada ya Alfajiri, Somoe akinyonya huku akinipigapiga kifua kwa kiganja, desturi yake, kama anayeita mtu mlangoni. Bi Hawa aliingia na kifuu mkononi. Ndani yake mlikuwa na shubiri ya kumwachishia mtoto ziwa, kahawia, nzito, imekamuliwa asubuhi hiyo. Alikiweka sakafuni karibu na goti langu.

"Paka mwenyewe," akasema. "Mimi siwezi kumpaka mwanamke mwenzangu uchungu."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba nimejibiwa. Nikamwuliza habari ya kopo.

"Kopo ni langu na Sudi. Hili ni letu." Kisha, akiwa amekwisha kunipa mgongo: "Ungenidanganya siku ile, mtoto ningempokea vilevile. Ila ningemlea kama amana ya mtu nisiyemjua."

Nikapaka. Somoe alipotaka tena alionja, akaachia, akanitazama kama mteja aliyepunjwa. Akajaribu ziwa la pili. Hakulia mara moja. Kwanza alinitazama tu. Bi Hawa alikuwa ameketi kizingitini na kibakuli cha uji, akipuliza.

Sasa niko Dar es Salaam. Chumba cha maabara kina kiyoyozi, na hakuna anayefunga madirisha kwa ajili ya mizani. Molekuli tunazozichunguza zina metali nyingi kuliko zile mbili zangu, na wenzetu wenye mashine za baridi kali, baridi ambayo haipo mahali popote pa kawaida duniani, wanatutumia vipimo, nasi tunakaa na kompyuta kutafuta vipago viko wapi. Inatokea usiku kucha wa mashine ukaleta mistari michache tu kwenye kioo, mmoja juu ya mwingine, na nafasi nyeupe katikati. Wenzangu wanaitazama mistari. Mimi huwa naanza kwa kuzitazama zile nafasi.

Maziwa yalikauka baada ya kitambo. Kwa muda mrefu yaliendelea kuja kila nikisikia mtoto yeyote akilia, hata wa kwenye redio ya mlinzi.

Jana alasiri simu iliita nikiwa nimefungua hesabu. Kwenye kioo nikaona kwanza dari ya Mikindani, kisha nusu ya uso wa Bi Hawa, kisha kidole. Hajajifunza kuishika. Nikamwamkia, akaitikia haraka, kama mtu mwenye kitu jikoni.

"Shafii ameingia sasa hivi," akasema. "Sikiliza."

Akaliinua kopo la maziwa ya unga, limebonyea ubavu mmoja, kifuniko kimefungwa kwa uzi ambao haukuwa wetu. Akalitikisa karibu na simu. Ndani mlikuwa na kitu. Kililia kikavu, kizito kidogo, kikigonga bati upande huu na upande ule.

"Umelifungua, Mama?"

"Bado. Nataka kulisikia kwanza."

Chini ya kioo mkono mdogo ulipanda, ukalishika kopo kwa ukingo.

"Tena," akasema Somoe. Sikuwa najua kwamba neno hilo analo.

Bibi yake akalitikisa tena.